Draiva Inasingiziwa: Fundi Anajibu Barua za Wasomaji

Shikamoo fundi. Mi ni kijana wa hapa Uyole. Mwaka jana nimeunga desktop yangu mwenyewe kidogokidogo, kesi na mazabodi niliagiza Kariakoo, ramu nikachukua Mwanjelwa, kadi ya grafiksi (ile inayotoa picha kwenye skrini) ni GTX 1660 Super ya mtumba. Sasa nikicheza gemu dakika kama 20, au nikiwa narenda (natoa nakala ya mwisho ya) video za harusi (ndo kazi inayonilisha hiyo), skrini inakuwa nyeusi ghafla, muziki unaendelea kulia kama kawaida, afu picha inarudi ila gemu limejifunga na nakuta ujumbe kwamba draiva ya skrini (programu inayoendesha kadi) iliacha kuitikia ikarudishwa. Siku nyingine hata ujumbe hakuna, mashine nzima inajizima na kujiwasha. Draiva nimeinstoli upya mara 4, Windows nimepiga mara 2. Mchana inakubali hata masaa matatu, balaa linaanza saa moja jioni mpaka saa tatu hivi. Rafiki yangu anasema ni joto, lakini fundi, Mbeya hii mwezi wa saba joto linatoka wapi? Mmoja kaniambia kadi imekufa niiuze spea, mwingine kaniambia niingie kwenye rejista ya Windows (mipangilio yake ya ndani) niweke sekunde 60 za kuisubiri kadi badala ya 2. Pawasaplai (kile kisanduku cha kugawa umeme ndani ya kesi) imeandikwa wati 600. Haikuja na waya wa pini 8 wa kadi kwa hiyo nilinunua adapta ile inayochomekwa kwenye waya za hadi diski. Nisaidie kabla sijaitupa dirishani.
*Msomaji, Uyole*

Marahaba mdogo wangu, usiitupe, na kadi usiuze bado. Kabla hujamaliza kusoma jibu hili zima mashine, toa plagi ukutani, na hiyo adapta ichomoe. Siandiki hivi kukutisha. Plagi ile bapa ya hadi diski, sata, kwenye laini ya volti 12 imetengenezwa kubeba ampea 4.5, yani wati 54 basi. Plagi ya pini 8 ya kadi inaruhusiwa kuvuta mpaka wati 150. Hata kama adapta yako ina miguu miwili ya sata, 54 mara mbili ni 108, bado haifiki, na mara nyingi miguu yote miwili unakuta umechomeka kwenye waya uleule mmoja unaotoka kwenye pawasaplai. Nimeshaona plagi za hivyo zimeyeyuka zikagandana na kadi, mwenyewe anasema alikuwa anasikia harufu kama ya plastiki akadhani jirani anachoma takataka. Angalia rangi ya plastiki yako, ikiwa imeanza kuwa ya kahawia we shukuru Mungu umeandika barua mapema.

Sasa nikueleze kwa nini kila mtu anailaumu draiva. Kuanzia Windows Vista kuna mlinzi anayeisubiri kadi ijibu, akikaa sekunde 2 bila jibu anaamua kadi imeganda, anaiamsha kwa nguvu na draiva inaanza upya. Hapo ndo skrini inakuwa nyeusi halafu inarudi, muziki hauguswi kwa sababu sauti haipiti huko. Ujumbe unaokuja unataja draiva kwa kuwa draiva ndo iliyokuwa zamu. Ni kama lori likizima pale Mlima Nyoka, wa kwanza kutukanwa ni dereva, kumbe dizeli ilichanganywa maji. Draiva na dereva ni neno moja, na kusingiziwa wanasingiziwa sawa.

Na hilo la kuongeza sekunde ziwe 60 ndo ushauri ninaouchukia kuliko yote. Ile namba inamfaa mtu anayerenda picha nzito ambapo kadi kweli inafanya kazi moja muda mrefu bila kupumua. Kwako wewe kadi haijachelewa, imepoteza fahamu, kwa hiyo badala ya kuganda sekunde 2 utakaa dakika nzima unatazama skrini nyeusi.

Kitu kizuri kwenye barua yako ni saa. Saa moja mpaka saa tatu usiku mwezi wa saba Uyole nzima inafanya nini? Wanapasha maji ya kuoga, wanapika kwenye majiko ya umeme, wanapiga pasi nguo za kesho, taa zote zimewaka. Umeme unakuwa mdogo. Inatakiwa volti 230, lakini ukiwa mwisho wa laini jioni unaweza kukuta 190 na chini ya hapo. Pawasaplai nzuri inavumilia, inachofanya ni kuvuta mkondo mwingi zaidi ifidie. Ya bei ya chini ambayo hizo wati 600 ziko kwenye stika tu, kapasita zake (vile vihifadhi umeme) ni ndogo, haina akiba. Na kadi ya grafiksi haivuti umeme kwa upole, inaruka, kipande kidogo cha sekunde inavuta zaidi ya wastani wake afu inashuka. Ule mruko ukikutana na pawasaplai iliyochoka na adapta yenye waya mwembamba, volti 12 inazama, kadi inayumba, sekunde 2 zinapita, na wewe unaletewa kesi ya draiva. Ikizama zaidi mashine nzima inajiwasha upya, ndo zile siku ambazo hupati ujumbe. Kwa hiyo mi naona ni ugonjwa mmoja wenye sura mbili, sio magonjwa mawili.

Usiniamini kwa maneno, hakikisha. Fungua Event Viewer (daftari la Windows la matukio), ingia upande wa System, tafuta saa ileile ilipozima. Ukikuta namba 4101 au jina nvlddmkm (ndo faili la draiva ya kadi za NVIDIA, usiogope hilo jina) basi ilikuwa ile ya kuganda na kurudi. Ukikuta Kernel-Power namba 41 maana yake mashine ilizima bila kuagwa, mara nyingi umeme, japo hata wewe ukishikilia batani ya kuzimia inaandika hivyohivyo. Andika kwenye daftari siku tano za mwisho ilizosumbua, saa na namba, utaona yenyewe inavyojipanga jioni.

Halafu kuna kipimo cha bure ambacho mafundi wengi hawakifanyi sijui kwa nini. Adapta ukishaitoa hutaweza kuitumia kadi mpaka upate pawasaplai yenye waya wake halisi wa pini 8, kwa hiyo azima kwa rafiki hata kwa jioni moja. Ukiazima ikatulia saa moja mpaka saa tatu, kesi imeisha, nunua yako. Ikiendelea kuyumba, weka programu ya MSI Afterburner, shusha kikomo cha nguvu mpaka asilimia 70, cheza. Ikitulia hapo bado harufu ni ya umeme au joto. Isipotulia rudisha nguvu, punguza kasi ya kadi megaherzi 100. Ikitulia kwa hilo basi kadi yenyewe imechoka, haiwezi tena kasi iliyotoka nayo kiwandani, na hilo kwa mtumba ni la kawaida hasa zile zilizokesha miaka zinachimba sarafu za mtandaoni. Haijafa, inataka tu kazi nyepesi kidogo, na kwa video za harusi hutaona tofauti. Ila kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha vitano jioni moja ikapona hutajua kilichoponya, na ikirudi unaanza sifuri.

Joto rafiki yako hajakosea kabisa. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, feni inazunguka vilevile lakini hewa inayosukuma ni pungufu. Baridi inatusaidia kufidia. Kinachotuua ni vumbi la kiangazi, kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua zinaponyesha linaingia kila tundu. Safisha kwa brashi laini na upepo, shikilia feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza. Kadi kama yako ikifika nyuzi 83 hivi inaanza kujipunguza kasi yenyewe, kwa hiyo joto peke yake kawaida litakufanya gemu liwe zito kabla ya kukuzimia.

Draiva nayo tusiiachie kabisa. Kuinstoli juu ya nyingine mara 4 sio kusafisha, ni kupaka rangi juu ya kutu. Shusha kwanza draiva unayoitaka uihifadhi, shusha DDU (programu ya kufuta draiva yote mpaka mizizi), toa intaneti kabisa (usipotoa Windows yenyewe itakuwekea draiva yake huku unaangalia), washa kwenye sefu modi (Windows ikiwa na vitu vya lazima tu), futa, rudi, weka ile uliyohifadhi. Na sio lazima mpya kuliko zote. Iliyokaa miezi bila malalamiko inafaa zaidi kwa mtu anayetafuta chakula kwa mashine.

La mwisho kwako, ramu. Mashine yako imeungwa kwa vifaa vya sehemu tofauti, ukiingia baiosi (mipangilio ya mazabodi kabla Windows haijawaka) ukakuta XMP imewashwa, ile inayoikimbiza ramu kwa kasi zaidi, izime siku mbili uone. Ramu inayokosea inaweza kuangusha draiva ya grafiksi na hakuna mtu atakayeishuku. MemTest86, programu ya kupima ramu, ukiiacha usiku kucha ikatoa hata kosa moja, usiku huo umekuokolea pesa ya kadi.

Stabilaiza, kile kifaa cha kusawazisha umeme? Ukishapata pawasaplai nzuri huenda hata usiihitaji. Ukinunua usichukue ile ya friji inayopiga ta-ta-ta kila dakika, ule mlio ni relei (swichi ya ndani) inahama na kila ikihama kuna mwanya mdogo wa umeme. UPS, ile yenye betri ya kushikilia umeme ukikatika, ni bora, lakini soma wati usisome VA, ile namba kubwa ya kwenye boksi, ile ya 650 VA nyingi uwezo wake ni wati 360 hivi.

---

Kamwene fundi, mi ni dada wa Iringa mjini, nimetumiwa kompyuta ya kazi za usanifu kutoka Dar kwa basi. Kule dukani waliniwashia kwa video nikaona inafanya kazi, hapa imefika inawaka feni zote lakini picha inakuja dakika mbili inakatika, nikiisogeza inarudi. Muuzaji anasema ni draiva nipakue upya.
*Msomaji, Iringa*

Kamwene dada. Ukiisogeza inarudi? Basi draiva haina uhusiano, programu haijui kama umesogeza meza. Mzigo wako umepita matuta yote ya Mikumi, ukapanda Kitonga kona kwa kona, na kadi ya grafiksi ni kitu kizito kinachoning'inia kwa ubavu kwenye sloti. Imelegea. Zima, toa plagi, gusa chuma cha kesi utoe umeme tuli mwilini, fungua skrubu za kadi, bonyeza kile kilimi mwisho wa sloti, itoe, angalia kama sloti haijapasuka, irudishe mpaka usikie ta, funga skrubu. Ukiwa humohumo bonyeza na ramu. Angalia pia waya wa skrini umechomeka kwenye kadi, sio kwenye mazabodi, hili linawakuta hata mafundi na hawakubali. Sloti ikiwa na ufa piga picha umtumie muuzaji leo, usisubiri. Ukija kuagiza nyingine mwambie kadi aitoe aifunge pembeni kwenye boksi lake, atalalamika kidogo lakini atafanya.

---

Fundi, niko Tukuyu, nimepewa GTX 760 na kaka, kila draiva mpya ninayopakua inasema haioni kadi inayofaa. Imekufa?
*Msomaji, Tukuyu*

Haijafa, imestaafu. Hiyo ni familia ya Kepler, na NVIDIA waliishia tawi la draiva la 470 kwa kadi hizo mwaka 2021, baada ya hapo zikawa zinakuja draiva za usalama tu. Kwenye tovuti yao usichukue ya juu kabisa kwenye orodha, chagua jina la kadi yako lenyewe, utapewa draiva ambayo namba yake inaanza na 47. Na kwa ukungu wa huko Tukuyu usiiweke mashine chini sakafuni karibu na dirisha, ukiitoa chumba cha baridi ukaipeleka jikoni kwenye moto iache nusu saa kabla hujawasha, umande ukauke. Msalimie kaka, ndaga fijo (asante sana).