Siku tisa ni ndefu kuliko dozi

Mwanangu,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara tatu. Umesema Jumapili mnaondoka Dar kwenda Mbeya, wakaguzi watano kwenye gari moja, siku tisa, na kwamba safari zenu zote jioni huishia baa. Ukaniuliza: "Baba, nina miezi mitano sijagusa. Nikiwa mbali na nyumbani nitaweza? Na wakiniuliza, niseme niko kwenye dozi?" Mama yako alitaka nikupigie. Nimeona niandike, maana kwenye simu ungeniitikia "sawa baba, sawa baba" halafu ukakata.

Nianze na hiyo dozi, kwa sababu mimi niliitumia ikaniponza.

Unajua nimeendesha magari ya miradi miaka 23. Usichojua ni kwamba pombe nimeiacha mara mbili. Mara ya kwanza ni baada ya yale ya mlima wa Kitonga. Tulilala Makambako, nikanywa mpaka saa nane usiku, saa kumi na mbili asubuhi nikashika usukani nikijiona mzima kwa kuwa nimefumba macho kidogo na nimekunywa supu. Ini halina haraka, mwanangu. Chupa moja ya bia ya nusu lita hulichukua kama saa mbili au zaidi, na supu ya kongoro hailiongezei mwendo. Tukiwa tunashuka Kitonga nikasinzia. Mzee aliyekaa mbele ndiye aliyeuvuta usukani, tairi limeshaacha lami upande wa korongo. Hakuna aliyeumia. Hakuna aliyesema neno mpaka Mikumi.

Nikaacha. Miezi minane ikapita, ikaja safari ya Njombe, mwezi wa saba, baridi ile unayoijua. Wenzangu nikawaambia niko kwenye dozi, daktari kakataza. Wakanionea huruma, wakawa wananiagizia soda wao wenyewe. Siku ya kwanza raha, ya pili raha. Kumbe uongo wa dozi una tarehe yake ya mwisho. Usiku wa nane fundi wetu wa kupima udongo, mtu mwema kabisa, alisimama akahesabu kwa vidole: "Wiki imekatika! Dereva wetu kapona!" Meza nzima ikapiga makofi. Mhudumu alikuwa ameshaambiwa. Akaweka bia ya Safari mbele yangu akaifungua palepale. Naikumbuka ile chupa kuliko ninavyokumbuka mambo ya maana: jasho linashuka kwenye lebo, kizibo kinazunguka mezani, kikaanguka karibu na kiatu changu. Nikainama kukiokota. Nilipoinuka watu sita walikuwa wananitazama wakitabasamu. Ningesema nini? Kwamba sikuwa mgonjwa, nimewadanganya wiki nzima? Ile bia niliinywa kwa aibu. Ya pili ndiyo ilikuwa ya kiu. Kurudi pale nilipokuwa kulinichukua mwaka na nusu.

Kwa hiyo dozi iache. Sema, "Mimi nimeacha," halafu uliza nyama imefikia wapi. Watakuuliza umeokoka lini, watasema mkeo kakukataza. Cheka nao. Huna deni la kumweleza mtu mambo ya miezi mitano kwenye kelele za baa. Ukweli mfupi ukishautoa siku ya kwanza hauna haja ya kuutunza, na siku ya tatu hakuna anayekumbuka unakunywa nini, kwa sababu kila mtu yuko bize na glasi yake. Atakuwepo mmoja wa kukubana kuliko wengine. Mtazame vizuri huyo. Mimi wangu, Songea, alinitania wiki nzima, na usiku wa mwisho akanifuata kwenye gari kuniuliza niliachaje.

Na wakikwambia baridi ya Mbeya haivumiliki bila Konyagi, hilo nalo wameliokota vijiweni. Pombe inaifungua mishipa ya kwenye ngozi, damu yenye moto inakuja juu, unajihisi umepata joto kumbe mwili ndio unalipoteza. Chukua lile sweta la kijani.

Mambo ya mezani utayamudu. Agiza wa kwanza, kabla raundi haijaanza kuitwa. Soda yako ifunguliwe ukiona, na ukienda msalani ukirudi agiza nyingine. Kaa kiti cha pembeni, usijibane ukutani ikabidi watu watatu wasimame ili utoke. Zamu yako ya kutoa ikifika, nunua nyama. Bia za watu usinunue, hata wakikuita bahili. Na uondoke watu wakianza kurudia hadithi ileile. Utaijua saa yenyewe.

Sasa nikwambie ambacho hukuniuliza. Meza si ndiyo hatari kubwa. Saa mbaya ni ile ya kuanzia kumi na moja na nusu mpaka kwenye saa moja. Mmerudi gesti, umevua viatu, umekaa ukingoni mwa kitanda, hujala tangu saa saba, kuna mhasibu alikujibu vibaya kwenye mafaili, na mji mzima hakuna mtu anayekujua. Nyumbani unalindwa na watu wengi bila wao kujua. Mangi wa dukani akikuona na chupa atashangaa, na wewe unaogopa kule kushangaa kwake. Mbeya hakuna mangi wa kukushangaa. Kwenye kundi letu la AA (Alcoholics Anonymous, walevi wanaosaidiana kuacha pombe), lile la Jumanne, tunafundishana kujiuliza mambo manne: nina njaa, nina hasira, niko mpweke, nimechoka? Safari ya kazi inakupa yote manne kwa mpigo, halafu inakuongezea na posho mfukoni.

AA yenyewe, kama sijawahi kukusimulia, ilizaliwa kwenye safari ya kazi. Mei 1935 dalali wa hisa wa New York, Bill Wilson, alikwenda Akron, Ohio, kufuatilia biashara. Alikuwa na miezi mitano tu, kama wewe. Biashara ikafa, wenzake wakarudi, akabaki peke yake kwenye ukumbi wa hoteli ya Mayflower. Upande mmoja baa, vicheko vinamfikia. Upande wa pili simu, na orodha ya makanisa ya mji. Akaenda kwenye simu, akawa anapiga kutafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Watu wakamuunganisha, na kesho yake akakaa na Dakta Bob Smith, daktari wa upasuaji aliyekuwa ameshindwa kabisa kuacha. Hao wawili ndio walioanzisha AA.

Wengi wakisimulia huishia hapo. Mimi napenda kinachofuata. Wiki chache baadaye Dakta Bob alisafiri kwenda Atlantic City kwenye mkutano wa madaktari, akarudi amelewa chakari. Msomi, tena ameshapata rafiki wa kumshika mkono, lakini rafiki alibaki Akron. Kinywaji chake cha mwisho alikunywa baada ya safari hiyo. AA wanaihesabu siku hiyo kuwa tarehe 10 Juni 1935, na ndiyo siku ya kuzaliwa kwao.

Basi tufanye hivi. Kila jioni saa kumi na mbili kamili unanipigia. Usingoje mpaka ushikwe. Piga hata kama huna la kusema, tuzungumze habari za Simba na Yanga. Ikifika na nusu sijakusikia nitakupigia mimi, na usipopokea nitampigia yule dada mliyekwenda naye Singida, uliyesema yeye hunywa maji tu. Nitumie namba yake. Lakini kabla ya Jumapili mwambie mwenyewe, kwa kinywa chako, kwamba umeacha na kwamba jioni ungependa mle kwanza ndipo muwafuate wengine. Mmoja akijua inatosha. Chumbani ukikuta friji ina vinywaji, waambie mapokezi waje waondoe. Hawatakushangaa, wameshaombwa makubwa zaidi.

Usiku wa kuuogopa ni wa mwisho. Mmeshamaliza kikao cha kufunga, ripoti imekubalika, bosi anasema leo ni juu yake. Mimi ya Njombe niliinywa siku ambayo kazi ilikuwa imekwenda vizuri kuliko siku zote. Siku hiyo nipigie mara mbili.

Mama yako anasema usisahau mchele wa Kyela, kilo ishirini, na uuchague mwenyewe, usimtume dereva. Huyo dereva msalimie, hata kama hanijui.

Baba yako