Wimbo wa chozi na mpaka wa spishi

SWALI: Naambiwa chozi (wale ndege wadogo wanywao nekta ya maua) wa misitu ya juu ya milima ya Udzungwa ni spishi mbili, na kwamba zinajulikana zaidi kwa wimbo. Kweli wimbo unaweza kuzaa spishi? Na kwa spika ndogo naweza kujipimia?
Msomaji, Iringa

JIBU: Kwanza huja utengano. Chozi hawa ni wa misitu yenye baridi. Nyika ya joto kati ya mlima na mlima kwao ni kama bahari. Kinda hujifunza wimbo kwa kuwasikiliza wakubwa (njiwa hana kazi hiyo, huzaliwa na wimbo wake tayari), kwa hiyo kosa la kuiga laweza kurithishwa mlima mmoja tu. Lakini miaka pekee haitoshi: utafiti wa 2021 wa wanabiolojia Jay McEntee, Rauri Bowie na wenzao ulionyesha kuwa baadhi ya koo za chozi zilizotengana zamani sana bado zinaimba karibu sawa, na nyingine zimebadilika kwa mruko.

Huko Udzungwa, spishi zako mbili, ziitwazo kisayansi moreaui na fuelleborni, hukutana kwenye ukanda wa kilomita 6 hivi. Hali ya hewa wanayoipenda ni ile ile, ila nyimbo ziko mbali kabisa. Machotara wapo, na bado makundi hayajayeyuka kuwa moja, kwa sababu kila upande una mwelekeo wa asili wa kushika wimbo wa kwao. Ushindani wa mahitaji yale yale nao huulinda mpaka.

Kujipima inawezekana. Rekodi madume watano au zaidi wa kila upande, kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa). Ukitumia rekodi moja tu, umempima ndege huyo mmoja, si kundi lake. Tundika spika kwenye tawi, mita 15 hivi kutoka kwa dume anayeimba. Kaa kimya dakika 2, cheza wimbo dakika 3, tazama dakika 5, ukiandika amesogea hadi mita ngapi. Kila dume asikie nyimbo mbili, wa kwao na wa upande wa pili; wa pili mchezee siku nyingine, maana aliyekwisha kasirika hushambulia chochote. Nusu ya madume waanzie wimbo wa kwao, nusu wa kigeni. Sauti isizidi ya ndege mwenyewe. Penye kiota usicheze, na hifadhini omba kibali kwanza.

Akiufuata wimbo wa kigeni, usikimbilie kusema ni spishi moja. Huenda anamfukuza mshindani wa maua. Jike ndiye mwamuzi, naye kumpima kwa spika ni kazi ngumu zaidi.