Datsun 240Z: kabureta inamwaga petroli

Kaka, nimekuelewa: gari lako la Datsun 240Z lina kabureta mbili, na ukisimama kwenye foleni hapa Arusha ile ya nyuma inatiririsha petroli, plagi zinalowa, haiwaki tena. Mafundi wanasingizia mwinuko. Kweli mita 1,400 hufanya mchanganyiko uwe mzito (petroli nyingi, hewa kidogo), lakini haumwagishi petroli.

Zima, chomoa betri, iache ipoe kabisa. Injini hiyo kabureta zimekaa juu ya manifoldi ya ekzosi. Tone moja laweza kuwasha moto. Halafu fungua kifuniko cha bakuli la petroli la kabureta, toa floti (boya linaloelea humo), itikise sikioni. Ikichakacha, imetoboka. Yangu ilikuwa nzima, kumbe sindano, ile inayosukumwa na floti kuziba petroli, ndiyo ilikuwa imelika: ncha ina kamfereji unakahisi kwa ukucha, na pembeni punje ya kutu ya tangi. Badilisha sindano na kiti chake (tundu inaloliziba) pamoja, weka chujio jipya. Skrubu za mchanganyiko usiziguse (najua mkono unawasha).

Kama mmeweka pampu ya petroli ya umeme, pima presha yake. Ikipita paundi 4 hivi kwa inchi ya mraba, sindano haizuii.

Nusa pia kijiti cha kupimia oili. Kikinuka petroli, imeshaingia kwenye oili, usiwashe: mwaga oili kwanza, na umwite fundi anayezijua kabureta pacha.