Shangazi, Krismasi na laki tatu tutaifanyaje?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina watoto watatu, tunakaa Tabata. Mume wangu ni fundi seremala, mimi nauza maandazi asubuhi. Tukishalipa kodi tunabaki na laki tatu. Yeye anataka twende wote kwao Rombo kwa sababu mwaka jana hatukwenda na mama mkwe akanuna. Nauli peke yake, watu watano kwenda na kurudi, inakaribia laki nne. Kuna mkopo wa kwenye simu, hela inaingia siku hiyo hiyo, nimeshaanza kujaza. Watoto nao wanataka nguo mpya. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hiyo simu iweke chini. Mtaani mikopo hiyo inaitwa kausha damu, na walioipa jina walikwishakauka. Mimi mwenyewe mwaka 2011 nilikwenda Marangu na familia kwa hela ya kukopa. Ndafu tulikula, picha tulipiga. Tarehe 10 Januari mwenye hela yake akaja kubeba televisheni tukiwa tunaitazama. Mwanangu wa mwisho akamsindikiza hadi mlangoni akimwuliza ataileta lini.

Rombo mwaka huu msiende. Lakini anayempigia mama mkwe awe mwanawe, tena leo, asisubiri tarehe 23. Akilisikia kwako, basi ni wewe uliyemzuia mtoto wake. Amtumie na elfu hamsini ya nyama na sukari, amwambie watoto atawaona mwezi wa sita shule zikifungwa, mabasi hayagombaniwi kama Desemba.

Sasa una laki mbili na nusu, na Januari shule zinafunguliwa. Mama yangu alikuwa na ujanja wake. Kiatu cha Krismasi kilikuwa kiatu cha shule: cheusi, cha kamba, kimezidi kidogo, gazeti limekunjwa mbele kwenye vidole. Tunakivaa kanisani tarehe 25, tukirudi anakifuta kwa kitambaa chenye unyevu na kukirudisha kwenye boksi juu ya kabati hadi siku ya shule. Nasi tuliringa nacho, nani angetuambia si cha sikukuu? Wanunulie hivyo. Nguo tafuta mtumba Karume kabla ya tarehe 15, ufue, upige pasi ya nguvu.

Chakula kisikutishe. Kilo mbili za mchele, nusu kilo ya nyama ya ng'ombe yenye mfupa, viazi sita. Nyama ichemshe kwanza, supu yake ndiyo maji ya pilau. Kisha usiwe na haraka na vitunguu: vikaange mpaka viwe kahawia ya kweli, maana rangi ya pilau inatoka hapo, haitoki kwenye wingi wa nyama. Bizari nzima, mdalasini, hiliki na pilipili manga vya kupima dukani vinatosha. Kachumbari, basi. Kuku mwache, tarehe 24 jioni muuzaji anakutazama usoni ndipo anataja bei. Ukimtaka lazima, mnunue mwanzoni mwa mwezi umfuge kwa makombo, kama mwenye nyumba si mkorofi.

Halafu mbona unajisahau, wewe si muuza maandazi? Wachaga wakishapanda basi, foleni za Dar zinapungua, lakini wanaobaki ni wengi na asubuhi ya sikukuu kila nyumba inataka kitu cha chai. Anza kuchukua oda tarehe 18, maandazi na kachori, upewe nusu ya hela mbele ununulie unga. Usiku wa tarehe 24 mumeo akae jikoni na wewe, kazi ya kukanda unga haimshindi fundi seremala.

Na kabla hamjaingia kanisani, wapige picha watoto na viatu vyao, umtumie mama mkwe.