Jibu: mwanzi wa manjano wenye mistari ya kijani, Mbale

Ndugu, unauliza kama mwanzi wa manjano wenye mistari ya kijani uliouona Mbale ni spishi mpya. Rangi pekee haitoshi kutangaza spishi mpya. Shina la manjano lenye mistari ya kijani mara nyingi ni Bambusa vulgaris, mwanzi wa kupandwa. Ule wa Mlima Elgon unaotoa malewa, yaani machipukizi ya mwanzi yanayoliwa (tamu kwa karanga!), ni Oldeania alpina, zamani Arundinaria alpina.

Ukiendelea kushuku, usilete majani matupu. Hapo ndipo wengi hukwama, maana majani ya mianzi hufanana mno. Kinachotofautisha ni ala, lile ganda linalofunika chipukizi. Litoe katikati ya shina kabla halijadondoka, kisha tazama vinyweleo vyake, vijisehemu viwili vya pembeni vinavyoitwa masikio, na kile cha ndani kinachoitwa ulimi. Kata pia kifundo chenye matawi na kipande cha pingili: mwanzi Oxytenanthera abyssinica wa kaskazini mwa Uganda hujaa ndani au karibu kujaa, Oldeania ana uwazi. Chimba na kipande cha shina la chini ya ardhi. Maua usiyangoje, huenda yakachukua miaka mingi.

Ndani ya hifadhi, omba kwanza kibali cha UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda. Sampuli zipeleke hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Chuo Kikuu cha Makerere.