Je, Kilatini kina ngeli tano?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Kilatini cha mwanzo katika seminari ndogo. Kitabu chetu kinagawa nomino katika makundi matano kwa kufuata miishio yake, nami huwaambia vijana kuwa hizo ni ngeli tano. Mwenzangu anasema nawapotosha. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Mwenzako ana hoja, ingawa nawe hukuliokota neno hilo jalalani. Sarufi za zamani za Kiswahili zilipanga ngeli kwa umbo la nomino, M-WA, KI-VI na kadhalika, na kwa mtazamo huo unaeleweka. Ila siku hizi ngeli hupimwa zaidi kwa upatanisho, na hapo ndipo tano zako zinapokwama.

Chukua agricola, mkulima. Limo kundi la kwanza pamoja na puella, msichana. Kundi lingekuwa ngeli, kivumishi kingefanana kwa yote mawili. Lakini husemwa puella bona, msichana mwema, na agricola bonus, mkulima mwema. Nauta, baharia, nalo hufuata agricola. Kisha kuna manus, mkono: linaishia -us kama dominus, bwana, na bado ni manus magna, mkono mkubwa. Kinachoamua kivumishi ni jinsia ya nomino: ya kiume, ya kike, au isiyo ya kiume wala ya kike. Ukitaka kushikilia neno ngeli, basi Kilatini kina tatu.

Vijana wako hawatashangaa, maana wao wenyewe ni mfano. Kijana ana umbo la kiti, vijana kama viti, lakini tunasema kijana mrefu amefika. Kirefu kimefika ni dharau. Kamusi ya Kiswahili Sanifu huandika vi- baada ya neno kijana kuonyesha wingi, kisha a-/wa- kuonyesha upatanisho. Kamusi ya Kilatini nayo huandika agricola, -ae, m. Hiyo -ae ni mwisho wa umbo la "-a mkulima" (kama katika shamba la mkulima), nao ndio unaotaja kundi (makundi mengine yana -i, -is, -us na -ei), m. ni jinsia ya kiume. Wakariri vyote vitatu kwa mkupuo mmoja. Anayekariri agricola tupu atasema agricola bona mwaka mzima.

Hayo matano mimi ningeyaita makundi ya miishio. Nimeona wengine wakiyaita minyambuliko, nami siafiki: mnyambuliko tumeshaupa kazi kwenye vitenzi, piga, pigia, pigwa. Na mabadiliko ya agricola kuwa agricolam au agricolae yana istilahi yake tayari, uhusika, yaani umbo linaloonyesha kazi ya nomino katika sentensi. Puella agricolam amat au agricolam puella amat, upange utakavyo, msichana ndiye anayempenda mkulima. Hiyo -m ya mwisho inafanya kazi ambayo sisi tumeiachia -m- ya anampenda na mpangilio wa maneno.