Diwani asiwatishe na kesi za kampuni za sigara

Dada wa Temeke, umesema mnataka halmashauri itunge sheria ndogo ya kuzuia sigara kuuzwa karibu na shule, lakini diwani anadai kampuni zitaishtaki manispaa na kuifilisi. Endeleeni.

Kushtaki wanaweza, na wameshafanya hivyo nchi nyingi. Kushinda ni jambo jingine. Mpelekee diwani mfano wa Kenya: kampuni ya sigara ya BAT ilipinga kanuni za tumbaku za mwaka 2014, ikashindwa Mahakama Kuu, ikashindwa Mahakama ya Rufani, ikashindwa tena Mahakama ya Juu mwaka 2019. Uganda nako kesi ya BAT ilitupwa mwaka huohuo. Na Uruguay, nchi ndogo kabisa, ilishtakiwa na kampuni nyingine ya sigara, Philip Morris. Mwaka 2016 kampuni ndiyo iliyoamriwa kulipa dola milioni 7 za gharama.

Kinachoniuma ni ile miaka iliyopita Kenya ikingoja hukumu, huku watoto wakiendelea kuuziwa.

Kwa hiyo jengeni msingi mapema. Moja ya hoja za BAT kule Kenya ilikuwa kwamba wadau hawakushirikishwa vya kutosha. Basi iteni mkutano wa mtaa, waalikeni hata wenye maduka na mabanda wanaouza sigara mojamoja, wasikilizeni kwa heshima, mahudhurio yasainiwe, muhtasari utunzwe. Kisha mwanasheria wa manispaa aiegemeze rasimu kwenye Sheria ya Tumbaku ya Tanzania ya 2003, ambayo tayari inakataza kumuuzia mtoto chini ya miaka 18. Nakala moja ya muhtasari ibaki kwako, dada.